Koti la Kijivu la Mwinjilisti

Lushoto,
12 Juni 1975

Kaka yangu mpendwa Nikodemo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mazinde, na kwamba umelizoea joto la tambarare. Sisi huku tu wazima, ila Mama magoti yanamsumbua ukungu unaposhuka. Mke wangu Yunis anakuamkia.

Peasi ulizopanda nyuma ya nyumba zimezaa sana mwaka huu. Kila nikichuma nakumbuka tulivyokuwa tukipanda njia ya kanisani kabla ya umande kukauka, wewe ukinifundisha kuimba sauti ya tatu, na mimi nikiipoteza kila tufikapo kwenye kona ya mto. Hukunicheka hata siku moja. Ulikuwa unarudi mwanzo wa ubeti, tunaanza upya. Tangu uondoke, sauti ya tatu haijapata mtu.

Nina habari ya msiba. Mzee Athumani, aliyekuwa mlinzi wa banda la mbegu la kijiji, ametutoka wiki tatu zilizopita. Siku mbili kabla hajafa alimtuma binti yake Hadija aniite. Nilimkuta amelala barazani, juani. Akaniambia kwamba kwa miaka mitano hajapata raha kwa sababu ya ushahidi alioutoa juu yako banda lilipoungua. Aliapa kwamba jioni ile aliliona koti lako la kijivu likitokea kwenye ukungu nyuma ya banda, ila uso hakuuona. Wewe ulikuwa umepinga shamba la ujamaa mbele ya mkutano, kwa hiyo watu hawakutaka ushahidi zaidi. Ukavuliwa uinjilisti, ukaambiwa uhame. Mzee aliniomba nikufikishie ombi lake la msamaha, kwa kuwa mimi ni ndugu yako.

Kaka, nilishindwa kulipokea ombi lile. Jioni ile koti nililivaa mimi. Nililitwaa msumarini bila kukuuliza, kwa ajili ya baridi, nikaenda kurina asali kwenye mzinga wa nyuma ya banda. Nyuki walinizidi, nikakitupa kijinga cha moto nikakimbia. Nilipogeuka, nyasi za paa zilikuwa zinawaka. Nilikurudishia koti msumarini. Ulipoulizwa mkutanini ulinitazama mara moja tu, ukasema Mungu anajua, ukanyamaza. Mpaka leo sijui kama ulikuwa umeinusa harufu ya moshi kwenye koti.

Nilimwambia mzee: "Koti uliliona sawasawa. Aliyelivaa ni mimi."

Akanishika mkono, akasema, "Langu nimekusamehe, Hezekia. La ndugu yako si langu kulisamehe. Mpelekee mwenyewe."

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani baada ya mahubiri, nikasema yote. Nilidhani nitasikia mzigo ukianguka. Nilisikia watu wakikohoa, na kiatu cha mtu kikikwaruza sakafu. Utulivu ulikuja baadaye, kidogo kidogo, nikiwa nalima, nilipogundua kwamba naimba. Nimezuiwa meza ya Bwana kwa muda, nami nimekubali. Jina lako limesafishwa mbele ya usharika, na Jumatano mbele ya mkutano wa kijiji. Shamba la pamoja nalima siku zangu na za ziada, wala sikuamriwa.

Siombi urudi. Wala siombi unisamehe upesi, kwa maana mimi sikuungama upesi.

Mama alitoka kanisani siku ile bila kunisubiri. Siku nne hakusema nami. Nilipomweleza kwamba nakuandikia, nikamwuliza nikupe salamu gani, alisema salamu zake hazitapita mkononi mwangu. Anashuka mwenyewe kwa basi la Ijumaa ijayo, na magoti yake hayo. Nitamsindikiza, kisha nitabaki kituoni Mazinde mpaka basi la kupanda lije. Ukitaka kuniona, mtume mtu aniite. Usipomtuma, nitapanda, na sitakulaumu.

Nisalimie shemeji na watoto.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Hezekia