Kanga Nyekundu ya Rusenga

Heru Juu, Kasulu
4 Mei 1997

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi na watoto hatujambo, ila mvua imezidi na maharage yanaozea shambani. Jirani yako Kezia ameniandikia kwamba mguu wako umevimba hadi kiatu hakiingii. Kwa nini nisikie kwa Kezia? Panda boti uje Kigoma, nitakupokea twende hospitali ya Kasulu. Najua boti ni ya Saidi na hujaikanyaga tangu mama afariki. Lakini barua zako huipanda bila kununa.

Jingine: Bwana Cleophas wa ofisi ya wilaya anakusanya historia za vitongoji vya ziwani, wapate kuamua barabara ishukie wapi. Nimejitolea kuandika ya Rusenga. Nieleze watu walisafirije.

Mwanao,
Epifania

Rusenga
1 Juni 1997

Mwanangu Epifania,

Marahaba. Wajukuu wasalimie. Mguu ni uzee tu.

Zamani tulipanda mlima siku mbili, dagaa kichwani, hadi huko Heru Juu, tukashuka na maharage. Njiani ndipo nilipomkuta mama yako Winifrida akishuka na kapu lake, akanicheka ninavyohema. Nikageuza na dagaa wangu nikamfuata hadi ziwani. Wiki ile sikuuza kitu.

Mwaka 1963 ikaja boti ya injini ya baba yake Saidi. Gati hatukuwa nalo, tukasimika mlingoti juu ya jiwe, tukawa tunatundika kanga nahodha aione toka mbali. Kanga nyeupe ni abiria: boti ikijaa inapita, itawachukua ikirudi kesho kutwa. Nyekundu ni mgonjwa: inasimama hata ikijaa, wazima wanashuka kumpisha. Kanga hizo zilikaa kwetu, na mama yako ndiye aliyezifua. Bado namwona akizianika. Hakuna nahodha aliyewahi kuipita nyekundu.

Baba yako,
Tharsisi

Heru Juu
22 Juni 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Ukweli, tafadhali.

Historia yako imenitoa machozi, ila mwishoni umekosea. Saidi aliipita nyekundu ya mama mwaka 1974. Nilikuwa na miaka tisa, nimelala na homa kama yake, na wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia. Nimeiandika hivyo, na jina lake nimelitaja. Bwana Cleophas anasema habari kama hiyo ndiyo itakayoleta barabara. Nitampelekea mwisho wa Julai.

Mwanao,
Epifania

Rusenga
10 Julai 1997

Mwanangu,

Natumaini barua hii itawahi. Lifute jina la Saidi.

Siku ile nilitundika nyeupe. Nyekundu nilikuwa nayo mkononi. Lakini kwetu nyekundu ikipanda, wanawake huacha majembe wakaja kukaa uani, wengine wameshaanza kulia. Mama yako alikuwa bado anaongea, ananituma maji. Sikutaka asikie kilio chake mwenyewe. Nikasema atapanda kama abiria, kwa heshima yake. Boti ilijaa, Saidi akapunga mkono, akapita. Iliporudi kesho kutwa tulikuwa tumeshamzika.

Watu wakauliza, nikasema Saidi. Neno likishatoka mbele ya waombolezaji halirudi. Nimezeeka nalo.

Baba yako,
Tharsisi

Heru Juu
19 Agosti 1997

Baba,

Shikamoo. Nimekaa mwezi mzima bila kukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Tangu utotoni sijamwamkia Saidi. Nikimwona sokoni Kigoma navuka upande wa pili.

Jina lake nimelifuta. Kezia anasema sasa mguu umetoa kidonda na unasubiri kipone chenyewe. Unamficha nani? Mama alikufa kwa aibu yako, na wewe unataka kufa kwa hiyo hiyo. Tundika nyekundu, baba. Nakupenda, na sitaki kukuzika kwa kosa lile lile.

Mwanao,
Epifania

Kigoma
2 Septemba 1997

Mwana wanje, mwanangu Epifania,

Barua hii nampa dereva wa lori la Kasulu.

Jana nilimpa Kezia nyekundu akaitundika. Wanawake walikuja wakakaa uani, na mimi nikawasalimia mmoja mmoja. Boti ilikuwa imejaa. Saidi aliiona akageuza, watu watatu wakashuka, naye akaingia majini akanibeba mgongoni. Nikamwambia yote nikiwa mgongoni kwake, maana usoni nisingeweza.

Akasema, “Mzee, rangi niliyoiona siku ile naijua.”

Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza miaka yote hii. Akasema, “Ulikuwa umefiwa.”

Njoo unichukue. Niko nyumbani kwake, mkewe ananipikia uji.

Baba yako,
Tharsisi