Ndengu za Mama Mutua

Alhamisi. Jua la Kitui limewaka tangu asubuhi, nami nimejifungia chumbani kama mtu anayeogopa kuitwa jina lake.

Niliyemkosea ni Mama Mutua wa Kalamba.

Mimi huchunguza jeni za ndengu. Jeni za mimea zina jamii kubwa, zinafanana kama ndugu wa tumbo moja, na kupima kila moja huchukua miaka. Kwa hivyo kompyuta hulinganisha: jeni ikifanana na nyingine ambayo kazi yake inajulikana, kompyuta inakisia kwamba zinafanya kazi moja. Jeni moja ilifanana sana na ile inayosaidia mmea mwingine kuvumilia ukame. Nilifurahi, nikashindwa kungoja vipimo. Nikampelekea Mama Mutua mbegu za aina iliyo na jeni hiyo, nikamwambia, "Hizi jua haliziwezi."

Aliniamini kwa sababu aliimba kwaya moja na mamangu. Akaacha mbegu zake za zamani, akapanda zangu shamba lote.

Mvua ilikatika mapema. Ndengu za jirani zilibeba. Zake zilikauka zikiwa na maua.

Jumatatu vipimo vikatoka. Jeni ile hufanya kazi kwenye chavua peke yake. Mambo ya ukame haiyajui kabisa. Mimi na dada yangu tunafanana hadi watu hutuchanganya, na yeye hawezi kazi yangu hata siku moja. Kwamba kufanana si kuweza kazi moja, hilo nililijua tangu utotoni.

Jana nilienda kumwambia. Nilimkuta aking'oa mabua makavu awape mbuzi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwende, ulikuwa unajua ama ulikuwa unafikiria tu?"

"Nilikuwa nafikiria, Mama."

"Si ungeniambia hivyo. Ningepanda nusu."

Kisha akaniletea uji.

Kuna jambo bado sijaliandika. Matinyani kuna wakulima watatu niliowapa mbegu hizo hizo. Wanatayarisha mashamba sasa, mvua iko karibu. Nimejua tangu Jumatatu na nimenyamaza, eti natafuta maneno mazuri ya kuwaambia.

Ni aibu yangu tu niliyokuwa nailinda.

Kesho asubuhi naenda. Nitawasalimia, na kabla sijapewa kiti nitasema: pandeni mbegu zenu wenyewe, mimi nilikuwa nakisia.