Alama kwenye Mkono wa Kabamba

Jumanne, 17 Februari 1976

Kashikishi. Nimekaa juu ya gunia tupu, samaki wameisha, lori bado. Leo nimefanya jambo. Nikiliacha kichwani litanipasua, kulisema siwezi. Basi daftari, limeze wewe.

Nimemchanjisha Kabamba.

Sikupanga! Nilikuwa nakunja mkeka, nikaona mstari wa akina mama kwenye ukuta wa soko, meza, na sanduku la barafu. Nesi ni Mzambia mnene, Sista Eneless, ana sauti ya mtu anayeuza mihogo. Alikuwa anawatania wote kwa Kibemba. Aliponisikia nasema Kiswahili akanigeukia: "Ba mayo, mama, weye wa ng'ambo ya ziwa? Leta ule mutoto. Surua haiulize pasipoti." Nikacheka, na nilipokuwa bado nacheka nilikuwa nimeshafungua kitenge cha mgongoni.

Sindano mbili. Moja ya paja, hiyo ya surua. Moja ya mkono wa kushoto, juu, ya kifua kikuu. Kabamba alipiga kelele mpaka wauza mafuta wakageuka. Sista akampulizia usoni: "Kidogo tu, baba, kidogo tu." Ana miezi kumi na anaitwa baba.

Akauliza kama nina mwingine. Nikasema yuko Emilienne, miaka minne, amebaki kwenye kambi yetu ya wavuvi, upande wa Puta, na baba yake. Akasema gari lao litafika kwetu mwezi ujao, nimlete siku hiyo hiyo, nisingoje augue. Dawa hii haitibu, inatangulia tu. Ugonjwa ukishaingia haina kazi.

Nilitaka kumwambia mume wangu ni nani. Sikumwambia. Angenihurumia, na mimi sipendi kuhurumiwa na watu wanene.

Jumamosi, 21 Februari

Nyumbani. André, baba yao, alimbeba Kabamba akazunguka naye nyumba nzima. Nilisimama nimekauka. Kwenye mkono hakuna kitu, tundu dogo tu limeshafungika. Kwenye paja ndiyo kabisa, hata mimi sioni. Nimeponea chupuchupu!

Mume wangu ni mlinzi wa mlango katika Kanisa la Mlango Mwembamba. Kila Pasaka watu wote wanapita mbele yake mmoja mmoja, mikono wazi, kifua wazi, na yeye anapitisha kidole gumba juu ya ngozi. Anatafuta chale. Kidole chake kimezoea nyavu, kinajua fundo kwenye giza. Mwaka jana alimkuta mama mmoja na chale mbili chini ya titi la kushoto, dawa ya kupata mimba. Yule mama alikaa nje ya ua siku zote tatu za Pasaka. Mvua ikamnyeshea hapo hapo.

Nabii wetu, Mulumba, anafundisha hivi: "Chale ya mufumu na sindano ya munganga, mama yabo ni moja. Yote inaingiza dawa mu damu. Na damu iko mulango." Eti sindano ya daktari wa kizungu na chale ya mganga wetu ni uchawi mmoja, tofauti rangi tu.

André mwenyewe ana kovu la ndui, kubwa kama kifungo cha koti. Alichanjwa na Wabelgiji. Lakini lile lilikufa kwenye ubatizo. Langu pia lilikufa. Chanjo ya Kabamba imekuja baada ya ubatizo. Hiyo haifi.

Namcheka, lakini najua ilikoanzia. Léonie wetu wa kwanza. Surua, Kilwa ya ng'ambo ya ziwa, mwaka wa sabini na moja. Tulimfikisha hospitali siku ya sita, wakamchoma sindano, kabla ya jioni amekufa. Mimi nasema tulichelewa. Yeye anasema ni sindano. Miaka mitano tunalala kitanda kimoja na majibu mawili.

Jumapili, 14 Machi

Kumbe! Mkono wa Kabamba umeota kipele. Kwanza nilidhani mbu. Leo kimekuwa chekundu, kigumu, na ncha nyeupe. Sista hakuniambia! Au aliniambia na mimi nilikuwa nacheka. Nimemvalisha sweta la mikono mirefu. Joto hili! Mama mkwe wangu angekuwa hai angeniuliza kama namwoka mtoto.

Na leo kwenye ibada Mulumba ametangaza: "Siku ya tano banakuya na mutuka yabo. Batoto bote mu mitumbu. Bashinde kule ku maji mupaka mutuka irudie."

Yaani Ijumaa gari la chanjo likija, watoto wote washinde ziwani mitumbwini. Watu wakasema amina. Mimi pia nilisema. Mdomo ulikwenda wenyewe.

Ijumaa, 19 Machi

Walikuja. Landrova ya kijani, na Sista Eneless yule yule.

Watoto thelathini hivi, mitumbwi sita, mbali kidogo na matete. Walikuwa wanaimba. Sauti inakuja juu ya maji, nzuri kabisa, ungesema ni sikukuu.

Sista alisimama ufukweni na viatu vyake vyeupe kwenye matope. Hakutania mtu. Aliniona, akanikumbuka, akauliza kwa sauti ndogo: wako ni yupi? Nikamwonyesha kwa kidevu. Mtumbwi wa tatu, gauni la njano. Akaangalia gauni la njano muda mrefu, halafu akaangalia barafu yake.

Jirani yangu Mama Katongo, Mbemba, Mkatoliki, alileta watoto wake wote watano. Walilia, wakapewa biskuti, wakarudi kucheza. Nusu saa!

Ningepunga mkono tu. Emilienne angeruka majini, anaogelea kama fisi-maji. André alikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Hakunitazama hata. Ni mimi niliyeweka mikono nyuma ya mgongo na kuishika.

Mimi ni mwoga. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye.

Saa tisa gari likaondoka. Watoto wakarudi na njaa, wamechomwa na jua. Katika mtumbwi wa Emilienne alikuwemo mjukuu wa Mulumba. Anakohoa, macho mekundu. Moshi, bibi yake akasema. Moshi gani katikati ya ziwa?

Jumatano, 31 Machi

Mjukuu wa Mulumba wamemzika juzi. Nabii hakulia. Alisema Bwana ametoa, Bwana ametwaa, halafu alikaa chini kwenye udongo na ilibidi wamnyanyue watu wawili. Nilitaka kumchukia siku ile. Sikuweza.

Wengine watatu wana vipele.

Emilienne ana moto tangu jana. Macho yanachuruzika, hataki mwanga. Anaomba maji kisha hayanywi. Nayajua macho haya. Niliyafunga Kilwa.

Jumamosi, 3 Aprili

Vipele vimetoka. Nyuma ya masikio, kisha uso, sasa kifua.

Na lile lingine pia limetoka. Nilikuwa nampangusa Emilienne, Kabamba analia, André akamchukua. Sweta lilikuwa limelowa, akalivua. Nilimpa kisogo, lakini nilisikia kidole kikisimama. Sijui nawezaje kusikia kidole. Nilisikia.

"Nani alikata mutoto yangu?"

Nikasema ni mimi. Nikasema Kashikishi, nikasema sindano mbili, nikasema ya surua haikuacha alama, hii unayoiona ni ya kifua kikuu. Nilisema yote isipokuwa samahani.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikaa na mtoto mapajani na akasema neno moja: "Léonie."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo tunavyosema. Na aliyeficha dawa je? Hakuna methali.

Nilimwomba tumpeleke Emilienne hospitali ya masista, Kashikishi. Akasema Mulumba kwanza. Nikakimbilia kwa Mama Katongo anisaidie kumshawishi. Na yeye! Yeye aliyechanjisha watano! Akasema sindano kabla, sawa, lakini vipele vikishatoka usimguse mtoto na sindano, vitarudi ndani na kumuua. Bibi yake alisema hivyo. Nikarudi nyumbani peke yangu.

Jumapili, 4 Aprili

Pasaka bado, lakini leo Mulumba ametupitisha wote. Nimepita mlangoni kwa mume wangu, mikono wazi, kama wengine. Hakupitisha kidole. Alitazama chini.

Mulumba akasema dhambi imeingia kwa mdogo na imetokea kwa mkubwa. Nikauliza. Mbele ya wote, mimi Clotilde, mke wa mlinzi wa mlango! Nikasema: wanalala mkeka mmoja, wanakunywa kikombe kimoja, mbona mdogo haumwi?

Watu wote wakageuka kunitazama. Hata watoto.

Mulumba akanitazama kwa upole, na huo upole ndio uliouma. "Mama Emilienne. Shetani hachomake nyumba yake."

Amina ya kanisa zima. Jibu zuri, nakiri. Unajibuje jibu kama hilo? Kadiri Kabamba anavyokuwa mzima ndivyo anavyozidi kuwa wa shetani.

Jumanne, 6 Aprili

Wamewazamisha wote wawili ziwani, mara tatu tatu. Asubuhi, upepo wa kusini, maji baridi. Kabamba alicheka na kupiga maji kwa viganja. Emilienne hakulia. Yeye anayelia akichanwa nywele! Alikuwa amelegea mikononi mwa baba yake, ametazama juu. André alivua kanzu yake nyeupe ya mlinzi, akamfunika.

Alhamisi, 8 Aprili

Pua zinapanuka akivuta pumzi. Chini ya mbavu panabonyea. Kikohozi kimekauka.

Jana nilikwenda dispensari ya karibu: imefungwa, dresa anayehudumu pale amekwenda kuzika mama yake. Ziwa limechafuka siku ya tatu, hakuna anayetoka. Lori la samaki halijaja.

Leo kabla hawajaamka nilimfunga mgongoni nikaondoka. Kashikishi ni siku mbili kwa miguu, nikajisemea nitakwenda usiku na mchana. Nilifika mtoni. Daraja hakuna. Maji yamechukua magogo yote, upande wa pili watu wamesimama na baiskeli zao wanatutazama, na sisi tunawatazama. Nilishusha mtoto nimpe maji, midomo ilikuwa ya bluu. Nikarudi. Njia nzima pumzi yake kwenye shingo yangu, moto, fupi fupi. Nilikuwa nazihesabu, kisha nikaogopa kuhesabu.

André alikutana nami njiani. Alikuwa amekuja kunifuata, peke yake, bila kanzu nyeupe. Hakuuliza nilikokuwa nakwenda. Akamchukua mtoto.

Baadaye akasema: "Kesho minaenda kungoja lori ku barabara. Ikikuya, tunaenda. Mulumba aseme yenye anasema."

Siku tano nimengoja maneno haya. Yamekuja, na daraja limekwenda.

Ijumaa, 9 Aprili

Saa nane mchana. Alingoja tangu alfajiri. Hakuna lori. Watu wanasema hata mafuta hakuna, daraja liwepo lisiwepo.

Aliporudi alikaa mlangoni. Emilienne amelala kwenye mkeka, Kabamba pembeni yake anachezea kidole cha dada yake, mzima, mapaja yamejaa. André aliwatazama hao wawili. Muda mrefu mno. Namjua akitazama hivyo, ni kama anapotazama maji kabla ya kutupa wavu.

Akasema, bila kunigeukia: "Siku kumi banalala pamoja. Huyu haiko na kitu."

Nikasema ndiyo.

"Ile dawa iko na nguvu."

Nikasema ndiyo. Nilidhani anakuja upande wangu. Miaka mitano!

Akamvuta Kabamba, akamkunja mkono wa sweta. Kidonda bado kinatoa maji kidogo. Akapitisha kidole gumba pembeni yake, pole pole, na sasa hakikuwa kidole cha mlinzi. Akasema tutamkata Emilienne chale ndogo, tatu, tutapaka maji ya kidonda cha mdogo. Damu ni ya baba mmoja, itajuana. Nabii hatajua.

Yeye! Yeye aliyemweka yule mama kwenye mvua!

Ningesema. Nilikuwa na maneno yote. Dawa hii inatangulia tu, ugonjwa ukishaingia haina kazi. Na kidonda hicho si cha surua hata kidogo, cha surua kiliingia pajani na hakikuacha kitu. Nilimwambia Jumamosi ile. Hakusikia, au hakusikia neno lolote baada ya sindano.

Nikamtazama usoni. Amekonda kwa siku tano. Alikuwa anasubiri, kama mtoto aliyeleta kitu alichotengeneza mwenyewe. Akauliza: "Na Emilienne tumukate mukono gani? Tusikosee."

Nikasema, wa kushoto.

Mungu, nimesema wa kushoto.

Amekwenda kwa Mama Katongo kuomba wembe mpya. Nimeweka maji motoni, angalau hilo. Kabamba nimeshamkunja sweta. Emilienne amefungua macho, amesikia yote. Ameniuliza kwa ile sauti iliyobaki kama itauma.

Nimemwambia, kidogo tu, mama. Kidogo tu.

Nasikia miguu ya baba yake uani.