Samaki wa Kuonyesha

Yaya,

Dada yangu mkubwa, matanga yako tumeyaondoa Jumamosi, na tumegombana. Usicheke. Safari hii si mimi niliyeanza.

Watu walikuwa bado wanakula bukari, ugali wetu, pale uani kwetu Kikula alipoingia yule daktari binti aliyekuhudumia Lubumbashi. Alisubiri wageni wapungue, kisha akatueleza kilichomleta. Kile kipande walichokata kwenye titi lako ili kuutambua ugonjwa bado wanacho, kimehifadhiwa ndani ya nta. Yeye na wenzake wanachunguza kansa ya matiti ya wanawake wa huku kwetu: kwa nini dawa inayomsaidia mmoja inamshinda mwingine, kama ilivyokushinda wewe. Alitaka ruhusa ya familia.

Mama Mukubwa akaweka sahani chini. "Kumbe tulizika muntu nusu? Mulete ile nyama yake, tuitie mu kaburi!" Wazee wote wakaitikia.

Mimi nilikuwa upande wake. Unajua jinsi nilivyowapigia kelele wale wanaokuja na magari mazuri, wanachota damu na mkojo wa watu wa Kamatanda, kule karibu na migodi, wanaondoka, na hakuna anayerudi kutuambia alichokiona. Shaba yetu inaondoka vivyo hivyo. Nikamtupia yule binti uchungu wangu wote wa hospitali. Nikamwuliza: ni vumbi la migodi lililomuua dada yangu, ndiyo au hapana?

Akanitazama. "Sijue bado, baba. Ni ile njo tunatafuta."

Yaya, nilivuta kiti nikaketi nimsikilize. Mimi! Nimebishana na mapadri, nimebishana na wakubwa wa migodi, na vitabu nilivyoandika unavijua maana ndiwe uliyevipangusa vumbi. Ni wachache mno niliowasikia wakisema hawajui. Angetaka kunifurahisha angesema ndiyo, na ningempigia makofi. Mimi nilikuwa na hukumu tayari. Yeye alikuwa na swali.

Kisha binti yako Bijou, mikono ikiwa bado ndani ya maji ya vyombo, akaniuliza mimi, mjomba wake, polepole: "Tonton, na minye? Ile ya mama itanifikia?"

Wazee wote wakamgeukia.

Ndipo nikakuona akilini, ukiwa sokoni kwenye meza yako. Kila asubuhi ulichukua samaki mmoja mkavu wa Kapolowe, mzuri kuliko wote, ukamvunja katikati na kumlaza juu ya fungu ili mnunuzi aone nyama haina wadudu. Nilikutania kwamba unaharibu mali. "Huyu haiko ya kuuzisha, iko ya kuonyesha," ulinijibu. "Weye unajuaka kusema tu. Batu banapenda kuona mu ndani."

Nikawakumbusha wazee hilo, bila makelele, utashangaa. Nikasema: kama kuna mtu asiyeogopa kuonyesha cha ndani ili wengine wajue, ni yeye.

Mama Mukubwa akamaliza chai yake. "Ule mutoto alikuwa kichwa nguvu," akasema mwishowe. "Basi, yake ibakie kule, ionyeshe." Halafu akamnyooshea daktari kidole: "Lakini weye, utarudia hapa kutuambia. Na haiko mu Kifaransa!"

Daktari alikubali. Alisema pia kwamba kazi hiyo inaweza kuchukua miaka, na huenda isizae kitu. Sikupenda kusikia hivyo, ila nilimwamini zaidi.

Bijou ameirithi meza yako ya sokoni. Jana nilipita, samaki aliyevunjwa alikuwa juu ya fungu. Sikuweza kusimama pale kwa muda mrefu.

Kwa hiyo nakuahidi, Yaya. Wiki hii nampeleka Bijou akapimwe, hata akinuna. Na wale watafiti sitawaacha wasahau njia ya Kikula. Wakichelewa, kalamu yangu itawafuata. Siku watakaporudi, na jibu zuri au baya, wa kwanza kusikia atakuwa Bijou. Wa pili utakuwa wewe: nitakuja makaburini nikusomee kwa sauti, wapita njia waseme nina wazimu.

Pumzika sasa. Hatukukuzika nusu. Sehemu yako moja bado iko kazini.

Mdogo wako mwenye midomo,
Kazadi