Toeni Nyungu Motoni

Kindu, Ijumaa asubuhi

Mama yangu,

Salamu zako na za watu wa Kibombo zimenifika, na mimi mwanao ni muzima. Kifua chako kimepoa? Lakini mbele ya yote, toeni ile nyungu motoni. Asumini asifukizwe tena, hata mara moja. Barua hii nampa dereva wa treni mukononi, maana posta inachelewa.

Kosa ni langu, Mama. Uliponiandikia kama dada yangu Asumini anakufa ganzi miguu, jicho moja linaingia ukungu, kisha wiki zingine anakuwa muzima kabisa, nilishtuka. Hapa lopitalo, kwa kazi yangu ya kuuguza, ninamuhudumia Madamu mumoja, bibi ya muzungu wa reli, mwenye mambo yale yale. Nilimuuliza munganga wetu muzungu, akasema ni ugonjwa wa nchi za baridi. Mimi kwa haraka nikakuandikia "ugonjwa wa baridi". Nanyi mukafanya kama watu wote wanavyofanya kwa baridi ya mifupa: maji ya moto, majani, blanketi kichwani.

Barua yako ya juzi imenikata maini. Unasema kila akitoka kwenye nyungu haoni, anashika ukuta, na jua likipungua anapata nafuu, hata bwana yake Saidi anasema anajifanya kwa kukwepa shamba. Hajifanyi. Madamu naye alioga maji ya moto, akakaa nusu siku haoni, munganga akamukataza. Joto njo linamumaliza. Mumulaze penye upepo, na kitambaa cha maji ya mutungi shingoni.

Jana nilirudi kwa munganga. Nikamwelezea mugonjwa: mwanamuke, miaka haijafika thelathini, miguu, jicho, moto. Jina sikutaja. Akaandika jina la ugonjwa kwenye karatasi bila kuinua kichwa, akasema ni wenyewe, ule wa Madamu, wanawake wanaupata kuliko wanaume, vijana kuliko wazee, na kwao Ulaya kadiri unavyokwenda kaskazini njo unaukuta kwa wingi. Kisha akauliza ni bibi ya muzungu gani.

"Ni dada yangu, Bwana. Iko Kibombo."

Akachukua kalamu, akafuta lile jina. "Ninyi hamuugui. Sijamuona hata mumoja."

"Ulisha kumutafuta, Bwana?"

Neno lilinitoka tu, Mama. Nilijua kazi yangu imekwisha. Uso ulimwiva mwekundu, kisha akasema pengine kwa watu wetu unashika mumoja mumoja tu, pengine ni malali ya usingizi, yeye hajui. Akaniambia nimulete Jumanne, atamutazama macho kwa taa yake.

Ninaogopa, sikufichi. Akisema njo ugonjwa wenyewe, hata Madamu hana dawa, wanamulaza na kungojea. Akisema siyo, Saidi atasema alijifanya kweli, atamurudisha kwako kwa aibu. Lakini huku mutu wetu akianguka wanasema malali au uvivu, basi, hakuna anayeangalia zaidi. Mimi nataka aangaliwe.

Nisalimie mujomba fundi wa cherehani, na shangazi wa pale stesheni. Yeye amusindikize Asumini kwa treni ya Jumatatu, wakae behewa la mwisho, mbali na moto wa injini.

Na umwambie Asumini kwa mudomo wako, Saidi akiwa karibu anasikia: kaka yako anakuamini.

Mwanao,
Ramazani