Kulabu Nabaki Nazo Mimi

Dada yangu mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa miezi mitatu bila kukujibu. Barua zako mbili zilifika, na kila siku nilisema leo naandika, kisha nikaona heri nishone. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na mgongo wako umepoa. Sisi wazima. Mpwa wako anaota meno ya juu, kwa hiyo halali, nami silali. Mchana anajilaza juu ya vipande vya vitambaa chini ya cherehani.

Uliuliza kazi ya mapazia inaendaje. Kazi ipo, Dada, malipo ndiyo hayapo. Kodi ya miezi miwili sijalipa, na mwenye nyumba amesema mwezi huu ukiisha atachukua cherehani. Kuna mjenzi mmoja nilimshonea mapazia ya madirisha tisa, kitambaa nikanunua mimi, nikapanda kiti kuyatundika mwenyewe. Akanisifu mpaka nikaona aibu, kisha akasema nije mwisho wa mwezi. Nilipokwenda akaniambia yeye si mtu wa kukimbia, nyumba yake naijua. Kweli naijua, nimekwenda mara kumi na moja. Mara ya mwisho nikaenda na mtoto mgongoni, nikaanza kuyashusha. Mkewe ndiye aliyenishikia kiti. Akaniambia chukua, mdogo wangu, mimi mwenyewe ananizungusha huu mwaka wa sita. Tulicheka hadi mtoto akaamka. Ila nilirudi na mzigo usiouzika, maana pazia lililokatwa kwa dirisha la mtu halimfai mwingine.

Tangu hapo nimebadilika. Mteja alete nusu kwanza ndipo nishike mkasi. Vipimo, bei na tarehe naandika daftarini, anatia sahihi. Kazi ikiisha aende nayo akitaka, lakini kulabu za kutundikia nabaki nazo mimi mpaka amalize salio. Bila kulabu hayo ni mashuka tu. Mama mmoja aliniambia sina imani na watu. Nikamjibu imani ninayo tele, kulabu ndizo sitoi. Alilipa kesho yake, amenuna.

Sasa nikwambie kilichonishinda kusema kwenye simu. Sheria hii naitumia kwa wote isipokuwa mtu mmoja, naye namdai kwa muda mrefu kuliko mjenzi. Ni wewe, Dada. Mapazia kumi na mawili ya nyumba yako ya wageni, tangu mwaka jana, ulisema utatuma. Sikukudai kwa sababu umenilea, na kila ulipouliza hali nilijibu nzuri. Si nzuri. Na yale ya vyumba vitatu uliyoagiza kwenye barua ya pili, sijakata hata kitambaa. Najua utaumia kusoma. Nami nimeichana barua hii mara mbili kabla ya kuimaliza. Nakupenda vilevile, ila sishoni.

Wasalimie wote, na mdogo wao wa mwisho mbusu kwa niaba yangu.

Ninachohitaji unitumie ni hiki: salio la mapazia kumi na mawili, lote, kabla ya tarehe ishirini na nane, nusu ya bei ya yale ya vyumba vitatu, vipimo vya madirisha kwa sentimita, si kwa shibiri zako, na karatasi ya daftari niliyoiweka humu ndani, ikiwa na sahihi yako.

Ni mimi mdogo wako.