DJ wa Harusi ya Natacha

Mama Natacha,

Nimekwenda Muhima kunyolewa. Chai iko kwenye chupa. Suti nimeshaipiga pasi mwenyewe.

Asubuhi DJ kanipigia simu, namba yangu si iko kwenye kadi, anauliza soketi za ukumbini ziko upande gani. Miaka ishirini nawapigia gitaa la besi watoto wa watu wakiolewa. Leo anaolewa wangu, mmeleta DJ, na habari hiyo naipata kwake. Nami nilishafunga nyuzi mpya!

Amplifaya ya gitaa langu nimeikuta sebuleni, mmeifunika kitambaa cheupe, mmepanga maua juu.

~~Harusini siji.~~ Nitakuja kumkabidhi Natacha, kisha nitaketi na wageni.

Maua msiyaondoe. Yaacheni hapo juu hata baada ya harusi.

Baba wa bibi harusi